Nani Aliifungua Mwisho?

Pikipiki za Kiingereza za zamani zimebebeshwa sifa mbaya zisizozistahili. Utasikia kwamba zinavuja mafuta tangu siku ya kwanza, kwamba taa zake ni za kubahatisha, na kwamba BSA au Norton ikikuzimikia njiani utafute mtu wa kukuvuta. Nimeishi Birmingham miaka mingi, nimefungua injini nyingi, na ninalisema hili bila kusita: ubovu mwingi ninaokutana nao haukutoka kiwandani. Umeletwa na watu waliozigusa miaka sitini, sabini iliyofuata. Spana isiyo saizi yake. Silikoni iliyopakwa kwa wingi mahali palipotakiwa gasketi safi. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Bolti ya milimita iliyolazimishwa kwenye tundu la inchi. Anayetaka kuirudisha pikipiki ya namna hii katika hali yake inabidi asome kwanza kazi za mikono iliyotangulia, ndipo asome injini.

Somo hilo nililipata kwa mzee mmoja wa Small Heath, mtaa ninaoishi. Aliingia kiwanda cha BSA akiwa kijana wa miaka kumi na tano, akawekwa kwenye kuunga injini, na hajaacha kuzipenda hadi leo. Nilimwalika aje kuiona BSA A10 niliyoinunua kwa familia iliyokuwa ikiondoa vitu vya babu yao gerejini. Nilitegemea aipige kiki, asikilize, aseme ugonjwa. Hakugusa kiki. Alivaa miwani, akaomba tochi na mkeka wa kupigia magoti, akaizunguka taratibu akimulika vichwa vya nati na skrubu, kimoja kimoja. Nati za silinda hedi aliziangalia kwa muda mrefu. Skrubu za kifuniko cha upande wa taimingi alizipapasa kwa ukucha. Gia boksi aliimulika mara moja tu, akaipita. Ndipo akaniuliza: "Nani aliifungua mwisho?"

Sikuwa na jibu, lakini yeye alikuwa nalo tayari. Nati za hedi zilikuwa zimeliwa pembe, maana yake kuna mtu alizifungua kwa spana isiyo yake. Mikato ya skrubu za kifuniko ilikuwa imetanuka na kumenyeka, maana yake huko ndani kumeingiwa zaidi ya mara moja, na huko ndani ndiko iliko pampu ya mafuta na gia inayozungusha magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa plagi. Nati za gia boksi zilikuwa na pembe kali, na vumbi la miaka lililoganda na mafuta lilikuwa bado limekaa kwenye maungio. Akasema gia boksi hiyo ni kazi ya kiwandani, niiache. Nikamwaga oili ya zamani, nikatia mpya, nikajaribu gia zote nne, zikaingia vizuri. Hadi leo sijaifungua, na sioni sababu ya kuifungua.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kurejesha pikipiki ya zamani ni kuibomoa yote hadi fremu ibaki tupu. Siliungi mkono hilo. Sehemu iliyodumu miaka sitini bila kuguswa na bado inafanya kazi imeshafaulu mtihani ambao kazi yangu mimi bado haijaufanya.

Niseme kidogo kuhusu A10 yenyewe, maana bila kuijua ilivyopangwa maelezo yanayofuata hayatakaa. Ni injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, sentimita za ujazo 646, iliyobuniwa na Bert Hopwood na kutangazwa mwishoni mwa 1949 kwa msimu wa 1950. Iliyopata jina zaidi ni Golden Flash, yenye rangi ya dhahabu iliyopauka. Umeme wa plagi hautegemei betri: kuna magneto ya Lucas, aina ya K2F, iliyokaa nyuma ya silinda, ikizungushwa na gia. Taa na honi zinategemea dinamo iliyokaa mbele, volti 6. Mafuta ya injini hayakai chini ya injini. Yako kwenye tenki lake pembeni, pampu moja inayapeleka kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na nyingine inayarudisha. Magneto, dinamo na mzunguko wa mafuta, kila kimoja kina magonjwa yake, na kila kimoja kina namna yake ya kumdanganya fundi mwenye haraka.

Nianze na spana, kwa sababu ndipo uharibifu unapoanzia. Sisi tumekulia kwenye spana za namba: lete kumi, lete kumi na tatu, lete kumi na saba. Namba hiyo ni upana wa kichwa cha nati kwa milimita. Spana za Whitworth na BSF, vipimo vya Kiingereza vya inchi vilivyotumika kwenye pikipiki hizi hadi miaka ya 1960, zinahesabu kwa njia nyingine: alama iliyopigwa juu yake inataja unene wa bolti, haitaji upana wa kichwa. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3 hivi. Chukua 13, haiingii. Chukua 14, inaingia lakini inacheza, na ukikaza nguvu inakula pembe. Hapo ndipo nati nyingi za pikipiki hizi zilipofia. Mtu alikuwa na 14 mkononi, au ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi wa kwetu wanaiita spana malaya, akasema itatosha.

Baba mdogo alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki kabla shirika halijavunjika mwaka 1977, enzi za magarimoshi ya Garratt yaliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock. Spana zake alizitunza kwenye mfuko wa turubai, zote zina alama za sehemu za inchi, na tulipokuwa watoto tulijua hazifai kwa pikipiki ya Honda. Aliponipa baadhi nilipokwenda kumsalimu, nilizibeba kwenye mzigo wa ndege hadi Birmingham. Ya 1/4 iliingia kwenye nati ya BSA na kukaa kimya, bila mchezo hata kidogo. Kama una nia ya kuingia kwenye kazi hii, usinunue rangi, usinunue kiti kipya, usinunue chochote kabla hujapata seti ya spana hizo na soketi zake. Na ujue pia kwamba nyuzi za bolti nyingi za baiskeli na pikipiki za Kiingereza ni 26 kwa inchi. Bolti ya milimita inaweza kuanza kuingia kwa vidole mizunguko miwili ikakufanya uamini ni yenyewe. Ikigoma, itoe. Kuna mtu kabla yako hakuitoa, na tundu lake utalikuta.

Sasa magneto. Muuzaji aliniambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba pikipiki ina ugonjwa wa kabureta: inawaka vizuri ikiwa baridi, inakwenda maili kadhaa, inaanza kumisi, inazima, na haiwaki tena hadi ipoe. Alikuwa ameshanunua kabureta mpya kabisa ya Amal. Ikafungwa, ugonjwa ukabaki vilevile. Mzee alipoiona ile kabureta inayong'aa kwenye injini yenye kutu alitingisha kichwa. Kifaa kipya kwenye pikipiki kuukuu ni ushahidi. Kinakuonyesha mtu wa kabla yako alishuku nini, na kama ugonjwa bado upo, kinakuonyesha pia alishuku vibaya.

Pikipiki inayozima ikipata moto ina sababu tatu zinazofanana kwa dalili, na unapaswa kuzitenganisha palepale inapozima, kabla haijapoa. Ya kwanza ni kifuniko cha tenki. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likiziba, petroli inaposhuka ndani kunabaki mvuto unaoizuia, na baada ya maili chache kabureta inakauka. Ya pili ni petroli kutofika kwa sababu ya uchafu kwenye koki au kwenye floti. Ya tatu ni magneto. Nilipanda nayo vilima vya Lickey, kusini mwa jiji, mahali ambapo injini inapata moto haraka, nikiwa na plagi ya akiba mfukoni. Ilipozima nikafungua kifuniko cha tenki kwanza, sikio karibu. Hakuna hewa iliyofyonzwa. Nikabonyeza kitufe cha kabureta, kile cha kusukuma floti chini, na petroli ikatoka mara moja ikanilowesha kidole. Basi petroli ipo. Nikachomoa waya wa plagi, nikaufunga kwenye plagi ya akiba, nikailaza juu ya silinda hedi mbali na kabureta, nikapiga kiki huku nikiitazama. Hakuna cheche. Nikakaa ukingoni mwa barabara hadi injini ikapoa, nikapiga tena: cheche ya buluu, kali, inayosikika ikilia.

Petroli ipo muda wote, cheche inaondoka na joto. Kabureta haina kosa.

Ndani ya magneto ya K2F, kwenye kile kiini kinachozunguka, kuna kondensa. Zile za asili zilitengenezwa kwa karatasi na foili, na zilipozeeka zikaanza kuvujisha umeme. Kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyovujisha zaidi. Kazi ya kondensa ni kuzuia cheche isiruke kwenye pointi, zile ncha mbili zinazofunga na kukata umeme, ili nguvu yote iende kwenye plagi. Ikifa, pointi zinaanza kutoa cheche kubwa na kuungua. Ukifungua kifuniko cha pointi gizani na mtu akakupigia kiki utaiona mwenyewe. Kuna ugonjwa wa pili ndani ya kiini hichohicho: vanishi ya zamani iliyofunika nyaya inalainika kwa joto na kuwa na ulimbo, hadi kiini kinaanza kugusa. Vyote viwili havitibiwi kwa kusafisha. Magneto inakwenda kwa mtu mwenye mashine ya kusukia upya, anasuka kiini, anaweka kondensa ya kisasa, anairudisha. Ni gharama, na ni ile gharama ambayo wengi huikwepa kwa kununua kabureta.

Lakini kabla ya kuipeleka kuna mambo mawili ya bure yanayostahili kufanywa. Chomoa vishikio vya waya za plagi, angalia vipande vidogo vya kaboni vilivyomo kama bado ni virefu na vinarudi kwa springi. Kisha funga kitambaa safi chenye petroli kidogo kwenye ncha ya kijiti laini, kisukume ndani hadi kiguse pete ambayo kaboni hizo zinaisugua, na uizungushe injini taratibu. Kitambaa cha kwanza hutoka cheusi. Unga huo mweusi ni njia ya umeme kuponyokea, na silinda moja inayomisi mara nyingi dawa yake ni hiyo tu. Ukimaliza, pima mwachano wa pointi kwa fila geji: inchi 0.012, milimita 0.30. Usikadirie kwa jicho.

Nije kwenye mafuta, ambako kuna mengi.

A10 yangu ilikuwa inavuja kila mahali. Aliyeitengeneza kabla yangu alijibu kwa silikoni nyekundu. Aliipaka kwenye kila uso wa maungio, kwa unene, na silikoni ikibanwa inafanya mambo mawili: nusu inatoka nje ambako unaiona, nusu inaingia ndani ambako huioni. Nilipofungua sahani ya chini ya injini na kuchomoa chujio la wavu, nilikuta vinyuzi vyekundu vimelala juu ya wavu, vimeanza kuuziba. Pikipiki hizi hazina chujio la karatasi kama za leo. Kuna wavu tu, na wavu ukizibwa pampu ya kurudisha mafuta inakosa cha kuvuta.

Sababu yenyewe ya kuvuja ilikuwa nyingine kabisa. Injini ya namna hii pistoni zake mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo zinaposhuka hewa iliyo chini yake inabanwa yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana kuna tundu la kupumulia lenye bomba lake. Bomba hilo lilikuwa limezibwa na matope. Injini isiyoweza kupumua kwenye pua inapumua kwenye viungo, na mafuta yanatoka na pumzi. Nilisafisha bomba, nikakwangua silikoni yote kwa kipande cha mti ili nisikwaruze aluminiamu, nikasawazisha nyuso za maungio kwenye kioo kinene kilichowekwa msasa laini, nikaweka gasketi za karatasi zenye ulowevu mdogo wa grisi. Uvujaji ulioonekana kama sifa ya kabila zima la pikipiki za Kiingereza ukabaki unyevu mdogo kwenye kifuniko cha vali.

Kuna jambo la mafuta linalowatisha wageni, na linawatia hasara. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, mafuta yanashuka polepole kutoka kwenye tenki lake, yanapita kwenye pampu na vali ya gololi iliyochoka, yanajaa chini ya injini. Mwenye pikipiki anafungua kifuniko cha tenki, anaona patupu, anajaza. Anawasha, moshi mzito unatoka, halafu mafuta yanafurika kutoka kwenye tenki na kumwagika kwenye tairi la nyuma. Tairi la nyuma likiwa na mafuta, kona ya kwanza inaweza kuwa ya mwisho. Kwa hiyo usijaze kabla hujamwaga yaliyoko chini, au kabla hujaiwasha dakika chache bila kuikimbiza ili pampu iyarudishe. Kila nikiwasha, ninafungua kifuniko cha tenki na kutazama ndani kwa tochi. Kuna kibomba kidogo kinachotema mafuta yanayorudi. Yakija kwa vipande vipande, yamechanganyika na mapovu, hiyo ni afya: pampu ya kurudisha ina uwezo kuliko ya kupeleka, kwa hiyo inavuta na hewa. Yasipokuja kabisa baada ya muda mfupi, zima.

Kilichonifanya nifungue injini hadi krenki ni kitu ambacho hakionekani kwa nje. Ndani ya krenki ya A10, na ya Triumph za enzi hizo pia, kuna mtego wa tope. Mafuta yanapita katikati ya krenki kwenda kwenye beringi za koni rodi; krenki inapozunguka, uchafu mzito unatupwa pembeni na kunaswa humo. Ni wazo zuri kwa injini isiyo na chujio la maana, kwa sharti kwamba mtego usafishwe injini inapofunguliwa. Lakini ili kuufikia lazima utoe kizibo kilichokazwa na kupigwa tindo kisilegee, na watu wengi waliofungua injini hizi kubadilisha ringi hawakufika huko. Mzee alipasha moto kizibo, akatafuta bisibisi pana inayojaza mkato wote, akakigonga kwanza kwa nyundo kabla ya kukizungusha. Tulichokikuta ndani kilikuwa kimeganda kama masizi ya sufuria ya kuni, kigumu cha kukwanguliwa, na njia ya mafuta iliyobaki wazi ilikuwa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Injini hiyo ilikuwa inanguruma vizuri. Ingeendelea kunguruma vizuri hadi beringi ya koni rodi ikauke na kukamata, na mwenye pikipiki angesema pikipiki za Kiingereza ndivyo zilivyo.

Upande wa taimingi krenki ya A10 haizunguki kwenye beringi ya gololi. Inazunguka kwenye bushi, na mafuta yote ya koni rodi yanaingilia hapo. Bushi ikilika, mafuta yanatorokea pembeni kabla ya kufika yanakotakiwa. Siku hizi kuna watu wanaoibadilisha kuwa beringi ya kisasa na kuingiza mafuta kupitia ncha ya krenki, na wanaisifu. Mimi niliweka bushi mpya, ikachongwa kwa mashine ili ikae mstari mmoja na beringi ya upande wa pili. Msimamo wangu ni kwamba bushi nyingi ziliuawa na tope, na tope nimeshalitoa.

Siku tuliyokwenda kuichukua krenki, mzee alinipitisha Armoury Road, kilipokuwa kiwanda. Majengo makubwa yalibomolewa mwaka 1977. Mwaka 1951 BSA iliinunua Triumph, na katika miaka hiyo ilihesabiwa kuwa mtengenezaji wa pikipiki mkubwa kuliko wote duniani. Kufikia 1973 ilikuwa imekwisha. Hapo pana kumbukumbu ya wafanyakazi 53 waliouawa usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, ndege za Ujerumani zilipoliangusha jengo walilokuwa wakifanyia kazi zamu ya usiku. Mzee aliniambia kwamba alipoanza kazi walikuwepo watu kwenye meza ya jirani waliotoka hai usiku ule. Hawakupenda kuuzungumzia. Walipenda kuzungumzia vipimo.

Umeme wa taa nitausema kwa ufupi, maana dinamo ya Lucas inatukanwa kuliko inavyostahili. Ile ya E3L inatoa wati 60 tu, na ukifunga balbu kubwa kuliko uwezo wake usiilaumu. Jambo la kwanza kuangalia ni betri. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zina chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Mtu akija na mazoea ya kisasa akafunga hasi kwenye bodi, anaigeuza dinamo na anaharibu vingine kutegemea kilichofungwa. Yangu ilikuwa imefungwa hivyo. Kuipima dinamo ni kazi ndogo: chomoa waya zake mbili, ziunganishe zile ncha mbili za dinamo pamoja, weka mita kati ya muungano huo na bodi, washa injini, ongeza resi polepole. Volti inatakiwa ipande kwa utulivu bila kurukaruka, na usiiache ipite 10. Ikipanda, dinamo ni nzima na ubovu uko mbele yake, kwenye regyuleta au kwenye waya. Yangu ilipanda. Nikairudishia dinamo usumaku wake sahihi kwa kuigusisha mguso mmoja mfupi wa umeme wa betri, nikasuka waya zote upya kwa vituo vya kubana na kulehemu, na taa ikashika.

Nimalizie na habari ya nyumbani, kwa sababu nikiandika mambo haya napata maswali kutoka huko. Mpwa wangu alinitumia picha za BSA Bantam aliyoionyeshwa kwenye stoo ya misheni karibu na Korogwe, imelala chini ya magunia. Bantam zilitengenezwa laki kadhaa kuanzia 1948, kwa mchoro wa DKW ya Ujerumani uliochukuliwa kama fidia ya vita, zikasambaa kila mahali Waingereza walipokuwa na posta, mashamba na misheni. Ni injini ndogo ya kuchanganya petroli na oili, nyepesi kufundishia kijana. Kwa sababu zilikuwa nyingi, spea zake bado zinatengenezwa Uingereza na zinasafirishika.

Nilimwambia asiipige kiki. Pistoni ikishikwa na kutu, kiki inavunja kitu. Achomoe plagi, amimine dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ndani ya silinda, aiache, arudie, kisha aweke gia ya juu na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo hadi itoe sauti ya kuachia. Ikishawaka, auangalie moshi. Sili za krenki zilizokauka kwa kukaa ndizo ugonjwa wake mkubwa. Sili ya upande wa klachi ikipasuka, injini inavuta oili ya gia boksi na kuiunguza: moshi mzito usiokwisha na gia boksi inayopungua. Sili ya upande wa magneto ikipasuka inavuta hewa, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka na inapanda resi yenyewe. Kabureta haihusiki, ingawa ndiyo atakayoambiwa abadilishe.

Na kabla ya yote hayo nilimwomba apige picha za namba zilizogongwa kwenye injini na kwenye fremu, kwa mwanga wa pembeni, bila msasa na bila brashi ya waya. Chama cha wapenzi wa pikipiki za zamani cha Uingereza, VMCC, kilichoanzishwa mwaka 1946, kinahifadhi vitabu vya kiwanda, na kwa namba hizo kinaweza kumwambia injini na fremu vilitoka pamoja au vilikutanishwa baadaye, na shehena ilipelekwa kwa wakala gani. Picha zimefika, namba zinasomeka, na nati za injini bado zina pembe zake zote.